Una kibali cha bastola Marekani, je unaruhusiwa kuingia nayo shule ya mtoto wako?

Dereva wa Usiku
Wakuu habari za wikendi. Swali langu ni kwa mlioko Marekani hasa Michigan. Mi nipo Grand Rapids, nina grini kadi, naendesha lori usiku na kwa sababu ya maeneo ninayoshusha mizigo nikaamua kuchukua CPL, kile kibali cha kubeba bastola ikiwa imefichwa. Nikitoka kazini napitia nyumbani, nabeba watoto nawapeleka shule, na chuma kipo kiunoni muda wote maana sina pa kukiweka.

Sasa shule imetoa barua kwa wazazi kuhusu silaha, na kazini jamaa mmoja ananiambia ukiwa na CPL unaingia popote, mwingine anasema ukigusa tu geti la shule umekwisha. Nani mkweli? Sitaki ule ubishi wa bunduki nzuri bunduki mbaya, nataka sheria inasemaje. Na jingine, binti yangu anacheza soka, timu yao ina mashindano South Bend kule Indiana, kwenye uwanja wa shule. Nikivuka mpaka inakuwaje?

Kinyozi wa Temeke
😂😂 Yani unampeleka mtoto darasa la pili na mguu wa kuku kiunoni? Huku mzazi akiitwa shule anabeba risiti ya ada na maneno ya kujitetea. Haya endeleeni, mi nakaa pembeni nasoma.

Mzee wa Lansing
Mleta uzi umeuliza vizuri. Mi CPL ninayo miaka mingi na hili nililichimba maana na mimi nina wajukuu wa kupeleka shule. Kwanza jua kwamba kuna sheria mbili zinakutazama kwa wakati mmoja, ya jimbo na ya serikali kuu ya Washington, afu juu yake kuna kanuni za bodi ya shule. Wengi wanasoma moja halafu wanatembea kifua mbele.

Nianze na jimbo. Michigan wenye CPL tumewekewa orodha ya sehemu hatuingii na bastola iliyofichwa, na shule ndo ya kwanza kabisa. Kuna deikea yaani vituo vya kulea watoto, kuna baa, stediamu, nyumba za ibada, hospitali, kumbi za kukaa watu 2,500 na kuendelea, mabweni na madarasa ya vyuo. Ila kwenye shule wakaacha upenyo kwa wazazi tu: mzazi au mlezi wa kisheria anayemshusha mwanafunzi au kumchukua anaweza kuwa na bastola yake iliyofichwa akiwa NDANI YA GARI. Ukishuka nayo kiunoni ukaenda ofisini kusaini kitabu cha wageni au kumpelekea mtoto koti alilosahau, ule upenyo haupo tena, haijalishi umemaliza dakika moja.

Adhabu ya mwenye CPL mara ya kwanza ni faini hadi dola 500 na kibali kinasimamishwa miezi 6. Mara ya pili inakuwa jinai ndogo, faini hadi 1,000 na kibali kinafutwa. Mara ya tatu ni feloni, yaani jinai kubwa, hadi miaka 4 jela. Hiyo ni kwa mwenye kibali. Asiye nacho akikutwa Michigan na bastola imefichwa mwilini au garini hiyo ni feloni ya hadi miaka 5, na akiwa kwenye eneo la shule wanamwongezea kosa lingine.

Na hilo neno mzazi au mlezi wa kisheria msilipite haraka haraka. Sisi kwetu mtoto wa dada ni mtoto wangu, wa jirani ni wangu, Jumatatu nawapeleka mimi Jumanne anawapeleka baba fulani. Sheria haiujui huo undugu. Mjomba aliyeombwa tu kumchukua mpwa wake hana karatasi ya mahakama, kwa hiyo ule upenyo wa mzazi si wake.

Dereva wa Usiku
Dah. Hilo la mjomba limenigusa maana watoto wa shemeji nawapeleka mimi kila wiki. Sasa mzee nikipaki gari nikaifungia bastola humo humo nikaingia ndani mikono mitupu?

Mzee wa Lansing
Hapo jimbo limelegeza, ile orodha haihesabu sehemu za kupaki magari. Kwa hiyo ukiwa na CPL ukaiacha garini imefungiwa, sheria ya jimbo haikukamati. Ila nunua kile kisanduku cha chuma chenye kebo kinachofungwa kwenye chuma cha siti, usiitupe kwenye dashibodi. Bunduki nyingi zinazoibwa huku zinaibwa ndani ya magari na wezi wanajua sana pakingi za kupiga. Na usianze kuitoa kiunoni pale pale kwenye foleni ya kushusha watoto mama fulani akakuona kupitia kioo, hapo sheria itakuja baadaye, kwanza zitakuja gari sita za polisi. Ihamishe kabla hujafika shule.

Omondi_DFW
Mimi niko Dallas side na kwetu Texas ni tofauti kidogo. Hapa gun shuleni marufuku ni ndani ya jengo, wanaita premises, na kwa uwanja wa shule kama kuna shughuli ya shule inaendelea, na sheria imesema wazi premises si pakingi wala barabara ya kuingilia wala saidwoki. Lakini ukiingia kwa jengo nayo bila ruhusa ya shule hiyo ni feloni ya third degree, miaka 2 mpaka 10, faini mpaka dola 10,000. Hakuna cha onyo la kwanza kama huko Michigan kwenu. Na tangu Septemba 2021 Texas mtu wa miaka 21 hahitaji hata kibali kubeba, so wasee wengi wamelala wakidhani kila mahali ni free.

Lakini wacha niseme ukweli wangu, hii mambo ya shule kuwa bila bunduki ndio inafanya wale wendawazimu waende huko. Wanajua hakuna mtu atajibu. Mzazi mmoja aliyepitia training akiwa pale angeokoa watoto.

Mama Nasra
Omondi kaka yangu uko Texas na unasema hivyo? Uvalde, ile shule iliyovamiwa na mtu mwenye bunduki, ni kwenu. Mei 24, 2022 watoto 19 na walimu 2 walikufa, na ripoti ya bunge lenu wenyewe ilihesabu maaskari 376 waliofika pale, wana silaha nzito na ngao, na ilichukua dakika 77 mpaka wakaingia kumkabili mtu mmoja. Wazazi walikuwa nje wanalia wanataka kuingia wakazuiwa, wengine wakatiwa pingu. Sasa niambie baba wa watu na kibastola kiunoni angepitia wapi.

Omondi_DFW
@Mama Nasra hiyo ni polisi waoga, si shida ya sheria. Mzazi angeingia, hao ndio walifungiwa nje.

Mzee wa Lansing
Omondi sikupingi kwamba kuna baba angeingia hata kwa mikono mitupu. Ila polisi wakifika wanamwona mtu mwenye bunduki, hawaoni baba. Arvada, Colorado, Juni 2021, raia mwenye bastola alimpiga risasi mtu aliyekuwa ameshamuua askari, akammaliza kabisa. Polisi mwingine alipotokea akamkuta yule raia ameshika ile bunduki ya mshambuliaji, akampiga akafa. Baadaye walimwita shujaa. Na yule alikuwa mzungu, sasa jiweke wewe na mimi.

Mwana Bukavu
Bandugu, mimi pia niko Grand Rapids na nasoma hii yote kimya kimya. Kwetu Bukavu bunduki tulikuwa tunaijua mu mikono ya askari na ya bale bamilisia ba Mai-Mai, si ya baba anapeleka batoto ku masomo. Mu mwezi wa ine 2022 Patrick Lyoya, mutoto wa kwetu, polisi alimusimamisha hapa hapa juu ya plaki ya motokari, bakapigana, akapigwa risasi ya kichwa. Hakukuwa na bunduki hata moja ku mwili yake. Kesi ya ule polisi baamuzi hawakusikilizana, ikaishia vile. Njo maana mie siwezi beba. Lakini simukatazi mundugu yangu, yeye anafanya kazi usiku, mimi niko mu kiwanda.

Kinyozi wa Temeke
Hii imekuwa nzito ghafla. Poleni ndugu zetu.

Dereva wa Usiku
Mwana Bukavu tuko pamoja, ile siku jamii nzima ilitetemeka. Ndo maana nauliza mapema kuliko kuja kuuliza nikiwa kituoni.

Mzee wa Lansing
Na kwa hilo hilo, mleta uzi, Michigan ukisimamishwa na polisi na bastola unayo ni lazima umwambie mara moja kwamba una CPL na umebeba, si mpaka aulize. Mikono kwenye usukani, taa ya ndani washa, sema kwanza neno kibali, usianze na neno bunduki, na usiguse kitu mpaka akuambie. Philando Castile kule Minnesota Julai 2016 alikuwa na kibali na alimwambia askari kwa adabu kabisa kwamba anayo silaha, akapigwa risasi mbele ya mwenzake na mtoto wa miaka 4. Kazi yake ilikuwa jikoni kwa shule, anagawia watoto chakula. Askari aliachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Sisemi ili uogope, nasema ujue kibali kinakulinda mbele ya hakimu zaidi kuliko barabarani.

Mama Nasra
Mi nipo Columbus Ohio na nataka niwaeleze mtego ambao naona haujatajwa vizuri. Ohio tangu Juni 2022 mtu mzima mwenye miaka 21 asiye na makosa anabeba bila kibali chochote, kwa hiyo vijana wetu wengi wameacha kabisa kwenda kwa sherifu kuchukua leseni, wanasema ya nini kupoteza hela na muda. Shuleni bado ni marufuku na ni feloni ya daraja la tano, ila sheria ya jimbo inakuachia mambo ya garini. Wanaishia hapo kusoma.

Sasa kuna sheria ya serikali kuu ya mwaka 1990 ya maeneo ya shule. Hiyo haihesabu jengo wala uzio, inahesabu futi 1,000 kutoka kwenye ardhi ya shule, kama mita 300 na kitu, pande zote. Fungua ramani ya Columbus uchore hizo duara kwenye kila shule ya serikali, ya dini na ya binafsi uone barabara gani itabaki. Ukiwa ndani ya hilo duara na bunduki na unajua au ungepaswa kujua kwamba kuna shule hapo, kosa ni hadi miaka 5 jela ya federo, yaani ya serikali kuu. Wanaosamehewa ni mwenye leseni iliyotolewa na jimbo ambalo hiyo shule ipo, na iwe leseni ambayo vyombo vya usalama vya jimbo vilimchunguza mtu kabla ya kumpa, au awe ndani ya nyumba au kiwanja cha mtu binafsi, au bunduki iwe haina risasi na imefungiwa kwenye kisanduku chenye kufuli. Soma tena, LESENI. Huyo kijana anayebeba bila leseni kwa sababu Ohio imemruhusu hana leseni ya kumwonyesha mtu. Jimbo halina shida naye, Washington inayo, na anapita hapo kila siku kwenda dukani.

Nilimpigia mdogo wa mume wangu kelele mpaka akaenda kuchukua.

Jembe Halimtupi
Hiyo sheria si ilifutwa na mahakama ya juu? Kesi ya Lopez.

Mama Nasra
@Jembe Halimtupi ilifutwa kweli ikarudi. Lopez alikuwa mwanafunzi wa darasa la 12 San Antonio, 1992 akakutwa shuleni na bastola na risasi tano. Aprili 1995 majaji 5 kwa 4 wakasema Bunge halina mamlaka ya kutunga sheria hiyo maana kubeba bunduki shuleni si biashara kati ya majimbo. 1996 Bunge likairudisha kwa kuongeza maneno kwamba bunduki yenyewe iwe imewahi kusafiri kati ya majimbo au kuhusika na biashara hiyo. Sasa bunduki gani duniani haijavuka mpaka wa jimbo toka kiwandani. Basi ikasimama, watu wanashtakiwa nayo mpaka leo.

Jembe Halimtupi
Na kesi ya Bruen ya 2022, mahakama ya juu hiyo hiyo, je? Walisema kubeba ni haki ya katiba.

Mzee wa Lansing
Bruen ilisema serikali haiwezi kukunyima kibali kwa kukudai sababu maalum. Ila humo humo, na kabla yake kesi ya Heller ya 2008, majaji walitaja shule kama mfano wa sehemu nyeti ambazo kukataza kubeba silaha hakuna tatizo. Wanabishana kuhusu mabasi, bustani, baa, makanisa, lakini shule ndo ile sehemu kila upande unaianzia. Ukitaka kwenda mahakamani kuiangusha hiyo beba mifuko ya hela.

Dereva wa Usiku
Sasa hapo ndo mmenifikisha kwenye South Bend. Indiana nao hawataki kibali siku hizi si ndio?

Mama Nasra
Ndio, toka Julai 2022. Na kibali chako cha Michigan ni cha Michigan. ATF, wale wa serikali kuu wanaosimamia silaha, wenyewe wanaisoma ile sheria kwamba leseni lazima iwe ya jimbo ilipo shule. Kwa hiyo ukiwa Grand Rapids unapita karibu na shule umelindwa na CPL yako, ukivuka tu mpaka wa Indiana ile karatasi mbele ya sheria ya federo ni kama kadi ya maktaba. Unaenda kwenye uwanja wa shule, maana yake duara la futi 1,000 huliepuki, na njiani utapita mengine mengi tu. Toa risasi, ifungie kwenye kisanduku chenye kufuli kwenye buti kabla hujavuka, na usiiguse mpaka mmerudi. Au iache nyumbani uende na maji na machungwa ya watoto kama wazazi wengine.

Omondi_DFW
Na vile wazazi wa soka wanapigana kwa saidilaini hakika iache nyumbani 😅

Mzee wa Lansing
Na hata hapa Michigan usifikiri uwanja haumo. Mali ya shule kwa sheria yetu ni jengo, ni uwanja wa kuchezea, na hata sehemu nyingine inayotumika kwa shughuli iliyoandaliwa na shule. Mechi ya Jumamosi jioni ni shule bado.

Fundi Simu Detroit
Mnazungumzia kuficha tu. Si kuna ule ujanja wa kubeba wazi? Niliambiwa mwenye CPL akiivaa nje ya shati inaonekana anaingia shule hana kosa, sheria imekataza kuficha peke yake.

Mzee wa Lansing
Huo ujanja ni wa kweli na ulifika mahakama ya juu ya Michigan. Kulikuwa na kesi mbili zikaunganishwa, moja ya Clio ambako baba wa mwanafunzi alikuwa anakwenda shule ya msingi na bastola inaonekana na shule ikamzuia, nyingine ya Ann Arbor ambako 2015 mtu alikuja kwenye tamasha la kwaya ya shule na bastola kiunoni watu wanaiona, wakaanza kuondoka. Wenye bunduki wakasema jimbo tu ndo lenye mamlaka ya kutunga sheria za silaha, bodi ya shule haina. Julai 2018 majaji 4 kwa 3 wakasema bodi ya shule si halmashauri ya mji, ile sheria ya kuzizuia halmashauri haiigusi, kwa hiyo inaweza kuweka marufuku yake. Kwa maana hiyo ile barua uliyopata mleta uzi ina meno. Ukiingia nayo wazi wanakuamuru utoke, ukikataa ni kosa la kuingia mali ya watu bila ruhusa, na watakuandikia usikanyage tena. Sasa binti ana mahafali unaangalia kwenye simu.

Kwa maoni yangu huyo baba wa Clio alikuwa na hoja ya sarufi kwenye neno kuficha, ila akampotezea mtoto wake marafiki.

Mkalimani wa Twin Cities
Nimesoma kurasa zote na naona hamjafika kwenye jambo linalomhusu mleta uzi kuliko yote. Ametaja grini kadi mstari wa pili na wote mmepita.

Mimi natafsiri kwenye ofisi za mawakili wa uhamiaji. Raia wa Marekani akikosea haya mambo analipa faini, anapoteza kibali, mbaya sana anafungwa anatoka. Mwenye grini kadi kuna kifungu kwenye sheria ya uhamiaji kinachosema akipatikana na hatia ya kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria YOYOTE, ya jimbo au ya nchi, anaweza kuondolewa nchini. Hakijasema feloni. Hakijasema amemuumiza mtu. Jinai ndogo ya siku chache inatosha, na haijalishi umekaa miaka mingapi, nyumba unalipia, watoto wamezaliwa hapa. Ile faini ya kwanza ya dola 500 aliyoitaja mzee si jinai, sawa, lakini ya pili ni jinai, na ile ya federo ya Mama Nasra ni jinai toka siku ya kwanza.

Na balaa lenyewe huwa linakuja kwa jina la huruma. Mwendesha mashtaka anamwambia jamaa kubali tu kosa dogo hili, hamna jela, nenda nyumbani. Wakili wa bure wa jinai hajui uhamiaji au ana kesi nyingi siku hiyo, jamaa anasaini, anashukuru, miaka inapita anaomba uraia au anarudi kutoka msibani anasimamishwa uwanja wa ndege. Mahakama ya juu 2010 kwenye kesi ya Padilla ilisema wakili lazima amweleze mteja kama kukiri kosa kutamletea kuondolewa nchini, kwa hiyo mdai hayo maelezo kabla hujashika kalamu. Na walioko kwa viza ya masomo au ya kutembea wao wengi hawaruhusiwi hata kuishika hiyo bunduki, ukiacha misamaha michache kama ya wenye leseni ya kuwinda, kwa hiyo usimwachie mpwa aliyekuja kusoma akushikie wakati unaingia shule.

Dereva wa Usiku
Mkalimani umenitoa jasho. Hili hakuna aliyenifundisha. Darasa la CPL lilikuwa masaa 8, matatu uwanjani unapiga shabaha, mengine sheria za kujilinda, karani wa kaunti akachukua dola 100 na alama za vidole, basi. Neno uhamiaji halikutajwa.

Nimeamua hivi. Kisanduku cha kebo nanunua wiki hii, nikitoka kazini bastola inaingia humo kabla sijafika nyumbani. Watoto wa shemeji nikiwabeba, chuma hakipo garini kabisa. Indiana naenda mikono mitupu.

Mama Nasra
Na nyumbani? Michigan si mna ile sheria mpya ya kufungia?

Mzee wa Lansing
Ipo, toka Februari 2024. Kama kuna mtoto nyumbani au anaweza kuwepo, bunduki ambayo huna mkononi itolewe risasi na ifungwe kwa kufuli au ikae kwenye sanduku lililofungwa. Ilikuja baada ya mauaji ya shule ya Oxford hapa Michigan, Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliua wenzake 4 kwa bastola aliyonunuliwa na baba. Wazazi wote wawili wakahukumiwa Aprili 2024, miaka 10 hadi 15 kila mmoja.

Kinyozi wa Temeke
Baba na mama wote?

Mzee wa Lansing
Wote, kila mmoja kesi yake. Asubuhi ile ile shule iliwaita kwa sababu ya michoro ya kijana, wakaja, wakaondoka bila kumchukua.

Mwana Bukavu
Mzee, umesema nyumba ya ibada iko mu ile liste. Ku kanisa yetu kuna bapapa beko naingia nayo kila siku ya Mungu, banasema njo usalama. Na mu juma ile jengo ni deikea ya batoto.

Mzee wa Lansing
Kanisani mchungaji kiongozi anaweza kuruhusu, sheria imempa yeye hiyo mamlaka, ila waambie aandike kwa karatasi na majina, isiwe amekubali kwa kutikisa kichwa. Hiyo ya deikea ni kitu kingine na ruhusa ya mchungaji haiifuniki. Nitumie pm aina ya leseni ya hiyo deikea na saa wanazofungua, nimuulize wakili wangu Jumatatu.